Mwalimu wa Jioni na Klova Yake

Mtu akitaka kumsalimu Mwalimu asubuhi, alikuwa anasalimu mgongo. Ukishuka barabara ya kwenda kituo cha kupimia majani chai, ungemwona ameinama katikati ya malisho yake, koti la marehemu mume wake limemfika magotini, mkono mmoja uko chini ya nyasi kama mtu anatafuta yai la kuku. Unasema, "Chamgei, Mwalimu," na mgongo unajibu, "Mising," halafu mgongo unauliza watoto wako aje. Ukisema watoto ni wagonjwa, ndiyo anainuka. Ukisema wako salama, anaendelea na kazi yake.

Mambo ya kuzaliwa kwake na ukoo wake wataeleza wenye wanajua. Mimi nilimjua kwa fensi. Tangu niolewe hapa Boito, shamba letu na lake yamekuwa yakigusana, na kwa hiyo miaka yote hakuna siku nilisikia mtu akimwita jina lake. Wakubwa walimwita Mwalimu, watoto walimwita Mwalimu, hata kijana wake wa kumzaa, akiongea juu yake na watu wengine, alisema Mwalimu.

Kitu alikuwa anatafuta asubuhi ni klova. Kama hujawahi kuiona, ni majani ya kutambaa chini, kila kikonyo na majani matatu ya duara, na kila jani na alama nyeupe katikati kama mtu amelipitishia chaki. Maua yake ni meupe na nyuki wanayapenda. Mwalimu alikuwa ameipanda pamoja na nyasi yetu ya kawaida, ile tunaita seretiot, kwa malisho ya karibu ekari moja, kutoka barabarani mpaka huko juu kwa chemchemi. Hapa kwetu mtu akiwa na ekari moja na haina majani chai, watu wanapita wakiiangalia kama nyumba haina paa. Shemeji yangu alikuwa anasema hiyo ekari inamlilia mtu apande. Mwalimu alikuwa na vishina vichache vya majani chai nyuma ya nyumba, na hivyo ndivyo vilisomesha watoto wake, lakini chai yenyewe hakunywa. Ukimtembelea, wewe unapewa chai ya maziwa mengi, yeye anakunywa maziwa moto bila kitu. Nilimuuliza siku moja kwa nini.

"Nimeichuma nikiwa mdogo mpaka nikaimaliza hamu," akasema. "Wewe kunywa. Nimeweka sukari."

Sukari yenyewe hakuwa ameweka. Kwa mambo ya sukari alikuwa mkono birika, na maziwa alikuwa anagawa bure kwa kila mama amejifungua hapa mpaka upande ule wa mto. Mimi nilipewa kwa watoto wangu wote. Sijawahi kuelewa hiyo hesabu yake.

Mchana alifundisha shule ya msingi mpaka akastaafu. Jioni alitufundisha sisi watu wazima, darasa la ngumbaru, kwa ukumbi wa kanisa. Niliingia hilo darasa wakati msichana wangu Mercy alianza kuleta vitabu nyumbani akiniuliza maneno, nami namwambia amngoje baba yake. Tulikuwa tunatoka kuchuma moja kwa moja, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu wa chai, wengine wanaona aibu kushika daftari. Mwalimu alisema mkono mweusi unaandika sawa na mweupe, na chaki ikaanza.

Darasa lilifunguliwa kwa sala. Alipenda iwe fupi. Ukiomba ndefu, unasikia chaki nyuma yako inaandika ubaoni. Na alikuwa na neno lake. Mtu akisema, "Kesho nitakuja, Mungu akipenda," yeye anauliza, "Na wewe, unapenda?" Hilo neno lilinikwaza. Mimi ni mtu wa kanisa, nimelelewa kusema Mungu akipenda kwa kila kitu, hata kwa safari ya kwenda Litein kununua chumvi. Lakini nilikuwa nikiulizwa, najibu kwamba napenda, na kesho yake nakuja. Hivyo ndivyo nilijua kusoma.

Hakuwa anapigia mtu makofi ya pongezi. Mzee mmoja wa kuchunga alisoma mstari mzima wa Zaburi siku moja, mara ya kwanza maishani, na sisi tukataka kushangilia. Mwalimu akainua kidole. "Mwacheni amalize. Kuna mstari unafuata." Mzee akasoma wa kufuata. Tulipotoka nje ndiyo nilimwona Mwalimu amesimama nyuma ya ukumbi anapanguza miwani, na miwani haikuwa na kitu.

Hakupenda mifano. Hilo ni jambo la ajabu kwa mwalimu. Kulikuwa na pasta kijana alitoka upande wa Silibwet, akaja kwa ushirika nyumbani kwake, akaonyeshwa malisho, akaelezwa jinsi klova na nyasi zinakaa pamoja. Jumapili iliyofuata akahubiri juu ya ndoa. Nyasi ni bwana, klova ni bibi, mmoja analisha mwenzake, hivyo ndivyo nyumba ya Mkristo inatakiwa kuwa. Tulifurahi. Mwalimu alimngoja kwa mlango.

"Pasta, mahubiri yalikuwa mazuri."

"Asante, Mwalimu."

"Lakini nyasi haipendi klova."

Pasta akacheka. "Wewe mwenyewe uliniambia zinasaidiana."

"Nilikuambia klova inalisha nyasi. Iko na vinundu vidogo kwa mizizi, inatengeneza mbolea, nyasi inakula. Nyasi ikishashiba inarefuka, inafunika klova, inainyima jua mpaka inakufa. Hizo mbili zinaishi pamoja kwa sababu ng'ombe iko na inakula ile ndefu."

"Sasa ng'ombe ni nani kwa hiyo ndoa?"

"Hiyo utahubiri Jumapili ingine."

Mama mmoja nyuma yetu akasema pole pole, "Ng'ombe ni mama mkwe," na pasta ndiye alicheka kutuzidi.

Mwaka wake hakuugawa kwa miezi. Aliugawa kwa mwenye ako mbele. Ukimuuliza habari ya malisho, anakujibu, "Sasa nyasi iko mbele," ama, "Sasa klova iko mbele," kama mtu anatangaza mbio. Ile baridi ya katikati ya mwaka, wakati ukungu unakaa juu ya majani chai mpaka karibu adhuhuri na sisi wachumaji tunalia vidole, ndiyo yeye alikuwa na furaha. Klova inapenda baridi na inapenda maji kidogo kidogo kila siku. Hata ile asubuhi nyeupe ya Januari, baridi inaunguza majani chai huko bondeni mpaka yanakuwa kahawia, klova yake ilikuwa inakunja majani tu, na saa nne inayafungua.

Jua likizidi, nyasi inakimbia. Mizizi ya seretiot inaingia mbali, inajua kutafuta maji. Ya klova iko juu juu. Kwa hiyo wakati watu wote tunasema jua ni zuri, mahindi yakauke, Mwalimu alikuwa anaingia malisho na panga kukata nyasi ndefu ili klova ipate kuonekana na Mungu. Hayo ni maneno yake, nami niliyashika kwa sababu kwa mambo ya Mungu alikuwa mgumu wa kusema.

Mwaka mmoja mvua ilichelewa sana, kanisa likatangaza kufunga na kuomba. Mwalimu alikuja, akafunga kama sisi wote, akakaa kiti cha mwisho. Mvua ikaja baada ya hapo, na ikaja na mawe. Ilipiga majani chai ya watu mpaka mashamba yakanuka kama kiwanda. Jumapili mchungaji akaomba mtu ashukuru, na mzee wa kanisa akamnyooshea Mwalimu kidole. Akasimama.

"Bwana, tunashukuru kwa maji," akasema. "Mawe hatukuomba. Amina."

Akaketi. Nilikasirika naye kwa wiki nzima. Nilimwambia kwa fensi kwamba kwa Mungu mtu hachagui.

"Kweli," akasema. "Lakini unaweza kumwambia kitu umeona. Daudi alimwambia."

Nikaenda kukamua ng'ombe.

Sasa niseme juu ya ng'ombe yake, kwa sababu hapo ndipo mambo yote ya baadaye yalianzia.

Klova ina ubaya wake, na yeye ndiye alitufundisha. Ng'ombe ikiwa na njaa, uipeleke kwa klova mbichi yenye umande, inakula haraka, tumbo linajaa upepo na povu, upande wa kushoto unafura kama ngoma, na ndani ya muda mfupi imelala. Alikuwa akituambia hata katikati ya somo la kuandika: kwanza nyasi kavu kibandani, halafu ngoja umande uishe, halafu ndiyo ufungue lango. Alituandikisha hiyo kama imla. Kuna mama mpaka leo anajua kuandika "umande" kwa sababu hiyo, na neno lingine la urefu huo hajui.

Ulikuwa mwaka kiangazi kimevunjika vibaya. Mvua ilirudi na baridi pamoja, na klova ikaamka kabla ya nyasi. Malisho yalikuwa meupe kwa maua, wageni wa barabarani wanasimama kuangalia. Na hapa kwetu Jumapili mtu hakati majani ya ng'ombe. Unakata Jumamosi, unaweka, Jumapili unalisha tu. Hiyo ni desturi ya nyumba zetu za kanisa, hakuna mtu aliiandika na hakuna mtu anaivunja. Jumamosi hiyo kulikuwa na matanga, Mwalimu akashinda huko, nepia, yale majani marefu ya ng'ombe, aliyokata ikawa kidogo. Ikaisha alfajiri. Jumapili ng'ombe zake mbili zilikuwa kibandani zinalia na njaa, na yeye amevaa nguo ya kanisa, na wageni wa ushirika wanaingia kwa lango.

Majirani walikuwa wamekata. Mimi nilikuwa na nepia ya kutosha. Lakini kuomba nepia Jumapili, mbele ya wageni, mtu kama yeye ambaye kila siku anatuambia tujipange, hakuweza. Akafungua lango la malisho mwenyewe, akasema atazitoa baada ya sala ya kufungua. Sala ilikuwa ndefu. Siku hiyo hakukuwa na chaki.

Nilisikia akiita jina la mume wangu. Tulipofika, ile kubwa ilikuwa chini. Mume wangu na vijana wa kanisa waliinua kichwa chake, tukamwaga mafuta ya kupikia mdomoni, tukaikanda upande wa kushoto, mtu akatumwa na boda boda kumtafuta daktari wa mifugo. Ile ndogo ilisimama. Kubwa ilikufa daktari akiwa njiani. Mwalimu alikuwa amepiga magoti kwa matope na nguo yake ya kanisa, mkono uko kwa shingo ya ng'ombe. Hakulia. Aliniambia, "Mama Mercy, wapelekee wageni chai."

Kesho yake jioni alikuja darasani kama kawaida. Akaandika ubaoni sentensi tusome: Ng'ombe imekufa kwa sababu nilikuwa na haraka. Tukasoma mmoja mmoja. Alisahihisha matamshi. Halafu akafuta.

Kijana wake, Kibet, alikuja mwisho wa wiki kutoka Nakuru, anakofanya kazi ya umeme. Huyu Kibet si mtu mbaya. Nasema hivyo kwa sababu hapa kijiji kuna wenye walimtengeneza kuwa adui. Alikuwa ameona mama yake anazeeka, anaamka alfajiri kukamua, anabeba maziwa kwa baridi, na sasa hiyo klova yenye inampa kazi imeua ng'ombe. Majani chai mtu mwingine anaweza kuchuma, yeye akae kwa kiti. Waliongea nje, na fensi yetu haizuii sauti.

"Nitapanda majani chai kwa hiyo ekari," akasema Kibet.

"Hapana."

"Mama, hiyo klova imekuulia ng'ombe."

"Ni mimi nimeua. Klova imekula tu mvua."

"Na jua lilivyo siku hizi, itakufa yenyewe. Afisa wa kilimo alikuambia. Huku chini kunakuwa na joto, haitaweza."

Yule afisa alikuwa amesema hivyo kweli, na alimheshimu, walikuwa wanaongea saa nzima wamechuchumaa kwa nyasi.

"Sawa," akasema. "Tukubaliane. Klova ikiwa hai kwa haya malisho, usiniambie maneno ya majani chai. Ikikufa, mvua kubwa ipite na klova isiote tena, wewe lete miche upande yote, kutoka barabarani mpaka chemchemi. Sitasema kitu."

"Yote?"

"Yote. Mimi sikubaliani nusu."

Walipeana mikono kama watu wanauziana ng'ombe. Kutoka hiyo siku kila mtu hapa Boito alijua. Ukienda kupima majani, unasikia watu wanaulizana klova ya Mwalimu iko aje, kama wanauliza mgonjwa.

Miaka iliyofuata sikuhesabu, lakini niliiona kwa fensi. Kiangazi cha kuanza mwaka kikawa kirefu. Usiku haukuwa na ile baridi tulizoea, mtu analala bila kujifunika blanketi ya pili. Mvua ikija, inakuja yote mara moja, inaosha udongo, inaenda zake. Nyasi haikujali. Nyasi ilikuwa na nguvu, nzuri ya kuangalia, na mtu mwenye hajui angesema malisho yamestawi. Klova ilianza kuacha upande wa barabara. Mwaka uliofuata iliacha katikati. Ilikuwa inapanda kuelekea chemchemi kama watu wanakimbia mafuriko.

Aliipigania. Alikata nyasi fupi zaidi. Alimwaga chokaa kwa udongo. Alinunua mbegu Litein, akasia wakati wa mvua, ikaota vizuri, na kiangazi kilipokuja ikaungua. Alibeba maji ya chemchemi kwa mkebe, umri ule, akinyunyizia vipande vya chini. Sisi wa darasa tulisema tutakuja kusaidia. Akakataa.

"Nikiwa nainywesha kila siku, hiyo si malisho," akasema. "Hiyo ni sukuma wiki."

Na kesho yake alikuwa huko tena na mkebe.

Shemeji yangu alimdhihaki siku moja barabarani. "Mwalimu, na si useme tu iko? Kibet ataijulia wapi, huyo mtu wa nyaya?"

"Wewe darasani ulikuwa unaangalia kwa daftari ya nani?" akamuuliza, na shemeji akaenda zake. Ni kweli alikuwa anaangalia kwa yangu.

Mara ya mwisho nilikaa naye vizuri ni mwaka huu, mvua kubwa ikiwa imepita. Alikuwa ameacha kufundisha jioni, macho yalikuwa yamechoka, na alikuwa na fimbo. Kibet alikuwa amekuja na gari, amevaa viatu vya mjini, na Mwalimu akaniita nipite kwa fensi niwe hapo. Hakusema kwa nini. Nadhani alitaka mtu wa kanisa awe ameona.

Tulitembea sisi watatu kutoka barabarani. Nyasi, nyasi tu, imekunywa mvua imekuwa kijani ya giza. Katikati, nyasi. Kibet alikuwa anaangalia chini kama mtu ameangusha ufunguo. Mwalimu hakuinama hata mara moja. Nilijua hapo. Mtu ambaye ameinama miaka yote, siku ya kuangalia anatembea kama amemeza fimbo yake.

Karibu na chemchemi kulikuwa na kipande cha majani matatu matatu, mengi, yamesongamana. Kibet akachuchumaa, akayagusa.

"Si hii hapa," akasema. "Iko. Klova iko, mama."

Mimi niliona haikuwa klova. Ni yale majani chachu, yako na matatu pia, lakini kila moja imekatwa kwa juu kama moyo, na alama ya chaki haina. Yanaota mahali kitu kingine kimekufa. Nilimwangalia Mwalimu, yeye anaangalia chemchemi. Kibet akasimama, akapanguza mikono.

"Basi mambo ya majani chai tuache. Tulikubaliana." Akaanza kushuka kuelekea gari. Alikuwa anatembea haraka.

Mwalimu alisimama. Mimi nilikuwa naomba kwa moyo, na sikujua naomba nini, anyamaze ama aseme. Kibet alikuwa amefika karibu na lango.

"Kibet. Rudi."

Akarudi nusu ya njia.

"Hiyo si klova."

"Najua," akasema Kibet.

"Unajua?"

"Mama, tulikuwa tunatafuna hiyo kila siku tukitoka shule. Nani amekulia hapa hajui hiyo kitu?"

"Sasa kwa nini umesema ni klova?"

Kibet aliangalia viatu vyake. "Nilitaka tuongeze mwaka mmoja."

"Na mwaka ujao ungesema nini?"

"Ningeona."

"Mama Mercy," akanigeukia, "na wewe uliona?"

"Niliona, Mwalimu."

"Mkanyamaza wote wawili."

"Na wewe ulinyamaza," nikasema. "Mpaka akafika kwa lango."

Alinitazama vibaya, ile ya darasani. Halafu mabega yakaanza kutikisika, na sikujua kama ni kilio mpaka nikasikia sauti. Alikuwa anacheka. "Watu wazima watatu," akasema, "wa kanisa, tumesimama hapa tunadanganyana juu ya majani." Kibet naye akacheka, na akapanguza uso kwa mkono wenye udongo.

"Klova imekufa," Mwalimu akasema, akiwa amemaliza. "Lete miche. Yote, kama tulivyosema."

"Sitaki yote. Ng'ombe itakula nini?"

"Hiyo si shida ya makubaliano."

"Basi tufanye mapya. Chini nipande majani chai, juu uache nyasi. Huku kwa chemchemi kuna unyevu, unaweza kujaribu mbegu tena. Nusu."

"Mimi sikubaliani nusu."

"Mimi nakubali nusu, na wewe unyamaze. Unaweza hiyo?"

Mwalimu akafikiri. "Tafuta kamba," akasema.

Kibet alitoa kamba kwa gari na vijiti viwili vya kuweka mpaka. Mimi nilipewa kushika upande wa fensi yetu. Kibet alipima kwa hatua kutoka barabarani, akachomeka kijiti chake katikati kabisa, haki kabisa, akanyoosha kamba. Kisha akageuka kuangalia gari. Mwalimu akang'oa kijiti, akashuka nacho kidogo, akakichomeka tena na kukikanyaga na gambuti. Kamba ikanivuta mkono, ikabidi nami nishuke.

Kibet akageuka, akaangalia kijiti, akaangalia mama yake aliyekuwa ameegemea fimbo anatazama mawingu.

"Iko sawa hapo?" akauliza.

"Wewe ndiye umepima," akasema Mwalimu.

Kibet akatoa simu mfukoni, akatupatia mgongo, akaiweka sikioni na kuanza kuongea na mtu wa Nakuru juu ya nyaya, maneno mengi, akienda pole pole kuelekea lango. Nilisikia kijiti kiking'olewa tena. Hiyo simu haikuwa imelia.